Nani Alishona Etiketi za Tulizo?

Kama wiki jana gazeti lilikupita mkononi, sogea hapa nikufikishe tulipo kwa maneno machache.

Mwaka ni 2001. Vijiji vya Djugu, huku mashariki ya Congo, vinaungua kwa vita, na kila asubuhi watu wanaingia mji wetu wa Bunia na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Kanyere, mama wa biashara aliyetoka upande wa Butembo akaolewa hapa mjini, anauza magodoro, matela kwa kinywa chetu, katika soko kuu. Magodoro yanatoka ng'ambo ya ziwa, kwenye kiwanda, fabrike kama tunavyosema, kinachoitwa Tulizo. Anayeyaleta ni mwakilishi wa kiwanda, bwana Marcellin. Pembeni mwa kila godoro kimeshonwa kitambaa kidogo cha bluu, ndicho tunachokiita etiketi, kimeandikwa: Garanti miaka mitano. Likibonyea, tunakupa jipya.

Kanyere aliamini maneno yale kama mtu anavyoamini Injili. Akawaapia wakimbizi waliokuwa wanalala kwenye sakafu za watu kwamba neno la kiwanda halivunjiki. Nao wakanunua, wengine wakichanga familia mbili kwa godoro moja.

Mvua za msimu hazijakatika, magodoro yote yamekuwa chapati.

Tulimwacha Kanyere sokoni. Joséphine, mjane aliyekimbia Djugu na wanawe, amelibeba godoro lake mpaka hapo na kulibwaga juu ya meza ya biashara, mbele ya umati.

Sasa twende.

"Panda!" Joséphine alimwambia. "Panda ulale juu yake, batu baone!"

"Mama Joséphine, tusemezane polepole..."

"Polepole ya nini? Mimi nasikia sementi mu mbavu kila siku. Lala siye tuone kama hautasikia mbao ya meza."

Umati ulicheka. Kanyere aliona uso unamwaka moto.

"Mimi si fabrike, mama. Mimi niko nauza tu. Garanti iko imeandikwa, fabrike itageuza, itatoa mupya."

Joséphine alimkazia macho. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Kanyere kuliko kelele.

"Fabrike siye hatukuiona na macho. Tuliona weye. Ile maandishi hatujui hata kuisoma. Ni mudomo yako tulinunua."

Akaondoka, godoro akaliacha pale pale mezani.

Kanyere hakuuza kitu tena siku ile. Alifunga meza, akajitwika godoro lile, akapanda moja kwa moja kwa Metre Félicien, avoka, yaani wakili, mwenye chumba kimoja karibu na posta. Vita vilikuwa vimemwondolea wateja wote wenye kesi za mashamba. Alimkaribisha Kanyere kama mvua ya kwanza.

Alimsikiliza mpaka mwisho. Akaomba aone etiketi. Akaisoma, akatabasamu.

"Mama, sheria iko na weye."

"Hata mu hii vita?"

"Vita haijafuta sheria. Sikiliza. Mutu akiuza kitu iko na ugonjwa ndani, ugonjwa yenye macho haiwezi kuona, sheria inamufunga. Hiyo ni ya kwanza. Fabrike haiwezi kusema 'sikujua', sababu ni yeye aliitengeneza. Nani atajua tumbo ya matela kuliko mwenye aliijaza? Ya pili, iliongeza neno yake yenyewe hapa: tunakupa jipya. Sasa imefungwa mara mbili."

Kanyere alivuta pumzi.

"Lakini," Metre Félicien akaendelea, "iko mambo mbili ya kuogopa. Sheria inataka mutu alalamike mbio. Ukikawia, mulango inajifunga. Na ingine ni hii: bale bamama hawatatafuta fabrike. Batatafuta mwenye alibauzia. Mbele ya sheria, wanakushitaki weye, na weye ndiyo unashitaki fabrike. Uko katikati."

"Katikati kama karanga mu kinu."

"Sawasawa, mama. Donc usilale."

Hakulala. Wiki ile ile Metre Félicien alipeleka mashitaka tribinali, yaani mahakamani, na barua ya kuitwa ikampata Marcellin kwenye depo yake, ghala anamoweka magodoro.

Hapo ndipo Marcellin alipoanza kuwa mtamu.

Huyu Marcellin, msomaji, si mtu wa mbali. Ndiye aliyesimamia ndoa ya Kanyere na Laurent kanisani. Alikuja nyumbani kwao mchana, mikono yote miwili mbele, na begani mkungu wa ndizi. Alimkuta Kanyere jikoni pamoja na mama mkwe wake, mama Scholastique. Laurent alikuwa barazani kwenye cherehani, maana Laurent ni fundi wa nguo, ingawa tangu vita vianze aliyeshona nguo mpya Bunia ni nani?

"Mutoto yangu," Marcellin alimwambia Kanyere, "juu ya nini unanipeleka kwa juji kama mwizi? Hukuweza kuja nyumbani?"

"Papa Marcellin, nilikuja. Kila mara ulisema kesho."

"Ndiyo, sababu nilikuwa nangoja jibu. Jibu imefika. Fabrike imekubali. Matela yote itageuzwa."

Kanyere aliachia mwiko. "Yote?"

"Yote! Garanti ni garanti. Lakini mutoto yangu, angalia njia. Camion gani itarudisha matela yote ile mpaka ziwa, na bariere ya bunduki kila pembe? Fabrike inasema hivi: tuma etiketi tu. Etiketi moja, matela moja mupya. Uwambie bamama wafumue etiketi wakupatie, mimi nazivusha ziwa."

"Na kesi?"

"Uiache ilale kidogo. Nani anashitaki mutu yenye anamulipa?"

Laurent aliingia kutoka barazani, akasimama mlangoni. Kanyere alimwuliza kwa macho. Laurent akatikisa kichwa: ndiyo.

"Papa Marcellin alisimamia ndoa yetu," alisema. "Hawezi kutuangusha."

Basi Kanyere akazunguka. Alipita mtaa wa Nyakasanza, akapita wa Lumumba, akaingia kwenye vibanda vya bashi, yale maturubai, ambako wakimbizi walikuwa wamejibana, kila mlango akisema maneno yale yale: fumueni etiketi, magodoro mapya yanakuja. Wanawake walifumua kwa wembe, kwa meno, kwa ncha ya kisu. Walimpa vitambaa vile vya bluu kama watu wanavyotoa sadaka.

Joséphine, aliyekuwa amerudishiwa godoro lake, alikuwa wa mwisho. Alishika etiketi yake, hakuiachia.

"Mara hii unaapa tena?"

"Naapa."

"Na jina ya nani?"

"Na jina ya batoto yangu."

Joséphine akaiachia.

Kanyere alimkabidhi Marcellin mfuko mzima, mkono kwa mkono, depo kwake. Marcellin alimshukuru. Akamwulizia hata homa ya mtoto wake mdogo.

Camion, lori la magodoro mapya, ilitakiwa kufika sikukuu. Sikukuu ikapita. Ikasemekana mto umejaa. Mto ukashuka. Ikasemekana ziwani kuna askari. Askari wakaondoka. Siku Kanyere alipoenda depo, mlinzi alimwambia bwana Marcellin amesafiri, na kwa pengo la mlango Kanyere akaona viatu vya bwana Marcellin vinatembea ndani.

Alirudi kwa Metre Félicien kumweleza. Avoka alikuwa anachonga penseli. Kanyere alipofika kwenye habari ya etiketi, kisu kikasimama.

"Mulifanya nini?"

"Tulifumua, Metre. Alisema fabrike..."

"Zote?"

"Zote, na zile za meza yangu."

Metre Félicien aliinuka, akaenda dirishani, akasimama amekipa chumba mgongo.

"Mama Kanyere. Ulikuwa simba. Sasa umemupatia mutu meno yako yote mu mufuko. Kesho juji akiuliza, 'nani anajua haya matela ni ya Tulizo?' utaonyesha nini? Shimo ya uzi?"

Kanyere aliona tena mkungu wa ndizi. Alijiona mwenyewe akipita vibanda vya bashi na mfuko, akiapa na jina la wanawe.

"Sikujua," alisema.

"Yeye alijua. Ndiyo maana akakuja na ndizi." Akageuka. "Haiko hata moja yenye ilibaki? Hata moja?"

Kanyere akafumba macho, akawapitisha wateja wake mmoja mmoja. Kisha akayafumbua.

"Gentille."

Gentille alikuwa binti mjamzito aliyenunua godoro peke yake, kwa pesa za kusuka vikapu. Kabla ya habari ya kufumua etiketi, alikuwa ameondoka Bunia kwenda kujifungulia kwa shangazi yake Irumu. Na godoro alikwenda nalo.

"Irumu," avoka alirudia. Wote wawili walijua njia ya Irumu siku zile ilikuwaje. Ulikuwa unatoka asubuhi ukiwa na jina, na jioni watu wanauliza kama kuna aliyekuona.

"Mimi sikutumi," Metre Félicien alisema.

"Hakuna mutu ananituma," Kanyere alijibu. "Nitaenda."

Laurent alimkataza. Alimkataza kwa ukali ambao Kanyere hakuujua kwake. Alisema mke wake hawezi kufa kwa ajili ya sponji. Alisema kesi imekufa, aizike. Kanyere alidhani ni mapenzi. Moyoni hata akamshukuru.

Alipanda camion iliyokuwa inafuata mihogo, akaketi juu ya magunia matupu na kuomba Mungu kwa Kinande, lugha ya mama yake, maana ndiyo iliyokuwa inamjia kwanza akiogopa.

Alimkuta Gentille amejifungua. Mtoto alikuwa amelazwa juu ya lile godoro, limekunjwa mara mbili ili angalau liwe na kimo.

Kanyere hakuweza kuomba mara moja. Alimshika mtoto, akamsifu, akanywa chai ya mchaichai. Halafu akasema yote bila kujificha, hata habari ya ndizi.

Gentille akamwinua mtoto, akamhamishia kwenye kitenge sakafuni.

"Chukua, dada. Hii matela ilikuwa jina tu. Siye tunalala chini tangu zamani."

"Nitakurudishia mupya, Gentille."

"Usiape," Gentille alisema haraka. "Weye chukua tu, lakini usiape tena."

Kanyere alimwachia blanketi lake. Akajitwika godoro kichwani, akarudi barabarani.

Kwenye bariere ya pili wakashushwa wote. Mkubwa wa bariere alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufi na bunduki iliyofungwa kamba. Alipapasa mizigo. Alipofika kwenye godoro akasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mimi, afande."

"Mutu anatoka na matela mu pori anaipeleka mu muji? Batu banatoka mu muji na matela, hapana kuingia nayo. Umeficha nini ndani? Dhahabu ya Mongbwalu?"

"Afande, haiko kitu. Ni matela ya kesi. Niko naipeleka kwa juji."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kesi! Mu hii nchi bado iko kesi!" Akachomoa kisu.

Kanyere alipiga magoti kwenye vumbi. "Afande, papa, ukate. Sikatazi. Lakini hii pembe yenye etiketi, nakuomba, usiguse."

Yule mtu alimtazama kwa mshangao. Labda hakuna aliyewahi kumwomba kitu kidogo namna ile. Akaligeuza godoro na kulipasua kutoka upande wa pili, mwendo mmoja, kama anavyopasuliwa mbuzi.

Vikamwagika vipande. Sponji za kijani, za njano, nyingine nyeusi za viti vya gari, zimegandishwa kwa gundi, na katikati maranda ya mbao.

Mtu wa kofia akachota mkono mmoja, akaunusa. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama, hii ndiyo walikuuzia?"

"Ndiyo, afande."

"Na siye batu banasema ni siye bajambazi." Akafuta kisu kwenye suruali. "Panda. Enda kwa juji yako."

Kanyere alirudi juu ya camion, akaanza kusukumia vipande ndani ya foronya ile iliyopasuka. Mkono wake ukafika mpaka kwenye pembe ya etiketi, kwa ndani. Akapindua kitambaa ahakikishe uzi haujakatika.

Uzi haukuwa umekatika. Ulikuwa umemalizwa kwa fundo dogo lililolala kama msalaba, na mkia wake haukukatwa na mkasi. Ulikuwa umeng'atwa.

Alilijua fundo lile. Lilikuwa ndani ya gauni lake la ndoa. Lilikuwa ndani ya kaptula za shule za wanawe, na ndani ya blauzi aliyokuwa amevaa dakika ile. Bunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemaliza mshono namna ile, na alikuwa mume wake.

Njia iliyobaki Kanyere hakuomba tena, kwa lugha yoyote.

Alifika nyumbani asubuhi ya siku iliyofuata, maana camion ililala njiani. Laurent alikuwa barazani kwenye cherehani. Kanyere alimwangushia godoro miguuni na kulipindua pembe.

"Nani alishona hii?"

Laurent alitazama. Alitazama muda mrefu sana kwa mtu asiyejua.

"Kanyere..."

"Nakuuliza, nani alishona?"

Mguu wa Laurent ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani, unapanda na kushuka wenyewe bila uzi.

"Mimi," alisema.

Yakatoka yote. Kiwanda cha Tulizo kilikuwa na magodoro mabovu yaliyojaa ghala, ambayo hakuna duka la kule lingeyapokea. Mkubwa wa kiwanda akamwuzia Marcellin kwa bei ya kutupa, yapelekwe Congo, kwenye vita, ambako nani angerudi kuuliza? Yalitoka kiwandani bila etiketi, ili siku yoyote kiwanda kiweze kusema si yetu. Etiketi zenyewe zikatoka kiwandani humo humo, ndani ya katoni ya peke yake. Marcellin alitaka tu mtu wa kuzishona Bunia, mtu asiyesema sana.

"Sikuwa na kazi," Laurent alisema. "Ulikuwa unalisha hii nyumba weye peke yako. Niliona haya."

"Na uliponiona mimi napeleka yale matela sokoni? Uliponiona naapa?"

"Nilitaka kusema."

"Na etiketi? Papa Marcellin alipokuja na ndizi yake, ulijua?"

Laurent akainamisha kichwa. Maneno yaliyofuata aliyasema chini chini, kwa kanyagio.

"Aliogopa kesi. Akaniuliza tufanye nini. Ni mimi nilimwambia, kama etiketi haiko, neno haiko."

Kanyere aliketi kwenye ngazi ya baraza. Hakulia. Mtu analia kwa kilichompotea. Yeye alikuwa bado anahesabu alikuwa na nini.

Ndani, nyuma ya ukuta wa udongo, kisu cha mama mkwe kilichokuwa kinamenya mihogo kilikuwa kimenyamaza. Halafu kikaendelea.

"Utasema mbele ya juji," Kanyere alisema. "Hivi hivi ulivyoniambia. Fabrike ilijua, Marcellin alijua, weye ulishona. Juji atakuhurumia kama unakuja weye mwenyewe. Bale bamama batapata haki yao. Na mimi... mimi tutaona."

Laurent akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nitasema," alijibu. "Nakuapia."

Siku ya kesi, tribinali ilijaa. Viti vingi vilikuwa vimeibiwa tangu mapigano ya mwanzo wa mwaka, watu wakasimama ukutani. Joséphine alikuwepo na kundi la wanawake wa vibanda. Mama Scholastique alikuwepo pia, amekalia kigoda alichokibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Hakuna aliyemwita, na alipoulizwa na Kanyere anakwenda kufanya nini alisema miguu inataka kutembea.

Laurent alitembea kando ya mke wake njia yote. Walipoingia, Marcellin alimsalimia kwa kichwa. Laurent hakumwitikia. Kanyere akaona ni dalili njema.

Metre Félicien alisimama akasema vizuri. Alionyesha godoro la Irumu na etiketi yake. Alichota maranda ya mbao, akayaweka juu ya meza ya hakimu, na watu wakaguna. Alisema aliyetengeneza kitu hawezi kujificha nyuma ya aliyekiuza, na aliyeandika garanti hawezi kuifuta kwa kuvuka ziwa.

Hakimu, mzee mwenye miwani iliyotiwa waya, aliandika na kuitikia kwa kichwa. Akamgeukia Marcellin.

Marcellin aliinuka bila haraka.

"Bwana juji, fabrike ya Tulizo inaheshimu garanti yake. Lakini garanti ni ya matela ya Tulizo. Haiko ya kila takataka yenye mutu anashonea etiketi mu nyumba yake. Uangalie huo uzi. Hiyo ni uzi ya mashini ya fabrike? Hiyo ni mukono ya fundi."

Hakimu akaivuta etiketi karibu na miwani.

"Etiketi zilitoka wapi?" Metre Félicien alidakia. "Mwenye kuzichapisha ni fabrike peke yake!"

"Ziliibiwa mu depo yangu."

"Ulishitaki wizi?"

"Metre, mu hii vita nani anashitaki kwa nani?" Marcellin alisema, na watu wengine wakacheka, maana ilikuwa kweli. "Bon. Nauliza neno moja tu. Mu Bunia, nani aliuza haya matela? Huyu mama. Na bwana yake anafanya kazi gani? Ni fundi wa nguo. Mimi nimenyamaza. Bwana yake iko hapa, mumuulize."

Kanyere hakuogopa. Hata alifurahi. Mwenyewe amemwita, alijisemea, mwenyewe amejichimbia.

Laurent alikwenda mbele. Aliapa. Alisimama mikono imeshikana nyuma, na kutoka alipokaa Kanyere aliona vidole vyake vinasugua kidole cha sindano.

"Ni weye ulishona hizi etiketi?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, bwana juji. Ni mimi."

Minong'ono ikapita ukutani. Metre Félicien akamtupia Kanyere jicho la ushindi.

"Na nani alikupatia?"

Laurent akasema, akitazama sakafu:

"Bibi yangu."

Kwa muda Kanyere alidhani hakusikia vizuri. Alidhani kuna mke mwingine anayezungumzwa, wa mtu mwingine.

"Rudia," hakimu alisema.

"Bibi yangu Kanyere alinipatia etiketi. Aliniambia nishone. Mimi sikujua ni za wizi."

Ukumbi ukalipuka. Joséphine alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Mwanamke mmoja wa vibanda akapiga kelele, "Na aliapa na batoto yake! Na batoto yake!" Askari wa mlangoni akagonga kitako cha bunduki sakafuni mpaka wakanyamaza.

Hakimu alivua miwani.

"Mama, unasikia? Kama ni hivyo, kesi inageuka. Ulikuja hapa kushitaki, unaweza kutoka hapa na mikono imefungwa. Uko na nini ya kusema?"

Kanyere alisimama. Alimtazama Laurent. Alitaka Laurent amtazame, hata mara moja tu, lakini Laurent alikuwa anatazama ukuta.

"Bwana juji, huyu mutu alinieleza yote na mudomo yake. Pale nyumbani, mu baraza. Alisema fabrike ilimupatia Marcellin matela mabovu, na etiketi yake mu katoni ya peke yake. Alisema ni Marcellin alimupatia kazi."

"Nani alisikia?"

"Mimi."

"Weye ndiyo unashitakiwa sasa. Nauliza mutu mwingine. Nani alikuwa pale?"

Kanyere alifungua mdomo. Baraza lilikuwa tupu asubuhi ile. Watoto walikuwa shuleni. Alianza kusema hakuna mtu.

Nyuma yake kigoda kikakwaruza sakafu.

Mama Scholastique alikuwa anainuka. Aliinuka kwa taabu, kwanza goti moja, kisha la pili, akijisaidia kwa bega la mwanamke asiyemjua.

"Mama," Laurent alisema. Sasa hakuwa anatazama ukuta. "Mama, ukae."

"Nimekaa ya kutosha," mama Scholastique alijibu.

Watu wakampisha. Alipita mbele ya Marcellin bila kumtazama, akapita mbele ya mkwe wake bila kumtazama, akasimama kwenye meza ya hakimu, kando ya maranda.

"Weye ni nani, mama?"

"Bwana juji, mimi ni mama ya huyu mwanaume. Nilizaa batoto wengi. Mungu aliniachia huyu peke yake."

"Na uko na neno?"

"Nilikuwa namenya mihogo nyuma ya ukuta. Nilisikia."

"Ulisikia nini?"

Mama Scholastique alimgeukia Laurent, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wa Laurent ulikuwa uso wa mtoto, unaomba.

"Kwanza uape, mama," hakimu alisema. "Halafu useme kweli, hata kama ni ya kumufunga mutu."

Karani akamwambia ainue mkono wa kuume. Mama Scholastique aliutazama mkono ule. Aliushika kwa mkono wa kushoto, akaukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na ukumbi wote ukasikia pumzi yake.

Kisha akauinua.